Kiti cha Mtangazaji

Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili kamili asubuhi, kabla mtangazaji hajatoa salamu, redio ya jikoni ilitoa mlio mdogo: kwii. Wasikilizaji wengi huenda hawakuusikia, na waliousikia walidhani ni mitambo. Mama Sponji, aliyekuwa amevalisha makochi ya watu kwa miaka ishirini na miwili, aliujua mlio ule kama alivyojua kikohozi cha mumewe. Ilikuwa springi ya nyuma, upande wa kushoto, imechomoka kwenye mkanda wake na inasugua chuma. Miaka mitatu aliuvumilia. Mwaka wa nne uvumilivu ukamwishia, akaandika barua kwa kituo cha redio: kiti cha mtangazaji wenu wa asubuhi kinaumwa, mimi ni fundi, naweza kukitibu. Mumewe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa shati.

Wiki sita baadaye walimpigia simu. Aje Alhamisi, kabla ya saa tatu asubuhi.

Alhamisi hiyo ilitangulia Ijumaa ya fomu, na kwa muda wa wiki nzima nyumba ile haikuwa na habari nyingine isipokuwa fomu. Binti yao wa pekee alikuwa amepata nafasi chuo kikuu kusomea utangazaji, shahada ya miaka mitatu. Bodi ya mikopo ilikuwa tayari kumkopesha kila kitu, ada na hela ya kujikimu. Kilichokosekana ni sahihi ya mdhamini, na mdhamini sharti awe na hati ya nyumba au leseni ya biashara. Nyumba walikuwa wamepanga. Leseni alikuwa nayo Mama Sponji peke yake. Mtoto akishindwa kulipa, cherehani zake mbili na kila kilichomo bandani vingebebwa. Mwisho wa kurudisha fomu ulikuwa Ijumaa, saa sita mchana.

Jumatano jioni mumewe alisogeza sahani pembeni, akatandaza karatasi. Alikuwa mtunza stoo wa shule, mtu wa kuhesabu chaki moja moja, na kwa kuwa alimjua mkewe, hesabu zote alizigeuza kuwa makochi.

"Mkopo mzima ni makochi tisini," alisema. "Ya watu watatu, ufundi mtupu, bila kitambaa. Mtangazaji anayeanza, kwa ninavyosikia, anapata makochi manne kwa mwezi. Hapo ni kama kazi ameipata. Wanamkata asilimia kumi na tano. Hiyo ni nusu kochi na ushei. Sasa gawanya."

"Umeshagawanya, baba," alisema binti.

"Nimegawanya. Miaka kumi na miwili na nusu. Riba sijaigusa."

"Si nitapandishwa mshahara?"

"Nani kakwambia?"

"Hata wewe walikupandisha."

"Mara moja. Mwaka uliozaliwa." Alikunja karatasi kwa uangalifu. "Hospitali inachukua makarani, inawasomesha kwa gharama yake. Miaka miwili, unatoka huna deni la mtu. Mimi sikuchukii, mwanangu. Nakupigia hesabu tu."

Binti alimtazama mama yake, na baba naye akamtazama, na Mama Sponji akaona kwamba sahani zote tatu zilikuwa bado zina chakula.

"Mimi kochi silitaji bei kabla sijalifungua," alisema. "Kesho nakwenda kufungua moja. Tutaongea nikirudi."

* * *

Mlinzi wa kituo cha redio alimtazama yeye, akautazama mfuko wake wa vifaa, akanyoosha kidole.

"Mafundi mlango wa nyuma, mama."

"Nimeitwa na mkuu wa vipindi."

"Hata kama angekuita nani."

Akazunguka, akapita kwenye mapipa ya taka na jenereta, akaingilia huko kwa nyuma. Msichana wa mitambo alimpokea kwa heshima, ila mbele ya mlango wa studio akamwonyesha viatu vyake. Avivue, sakafu ile inasikia kila kitu. Mama Sponji alivua, na hapo akakumbuka kwamba soksi ya kulia ilikuwa imetoboka. Kidole gumba kilichungulia nje chote. Alijaribu kukikunja, akaingia akichechemea.

Mlango ulijifunga nyuma yake bila kutoa hata pumzi. Mama Sponji akasimama palepale alipokuwa. Maisha yake yote aliyaishi ndani ya kelele: nyundo, cherehani, watoto wa jirani, magari, mumewe akikohoa. Humu ndani vyote vilikuwa vimeondolewa kwa mkupuo mmoja, hata akasikia mate yakishuka kooni mwake. Akainua macho kutafuta kinachofanya kazi hiyo, akaona kuta. Zilikuwa zimevalishwa sponji kutoka chini hadi juu. Aliisogelea, akaibonyeza kwa dole, akaitambua. Ilikuwa ya uzito uleule aliokuwa akiukata kila siku bandani. Miaka ishirini na miwili ameiuza kwa ajili ya makalio ya watu, na kumbe inaweza kutunza sauti ya mtu. Alijiona mjinga, na wakati huohuo alijiona tajiri.

Katikati ya chumba palikuwa na meza, maikrofoni na viti viwili vinavyotazamana. Kimoja kilikuwa kimechakaa, na juu yake alikaa mtu mwembamba wa miaka kama arobaini, sweta lake limeisha viwiko. Huyu ndiye ambaye wasikilizaji walimwita Jogoo, mwenye sauti iliyoamsha nusu ya mji. Mama Sponji alimtazama miguuni. Naye hakuwa na viatu, na soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu.

Wimbo ulikuwa unaishia. Jogoo alimwashiria kwa mkono, haraka, akae kiti cha pili. Mama Sponji akakaa. Kiti kile kilikuwa kipya kabisa, sponji yake haijaingia hata kidogo, na kwa muda huo mfupi fundi aliyekuwa ndani yake akajiuliza kwa nini. Kisha taa nyekundu ikawaka juu ya mlango.

Jogoo akajiinamisha mbele, chuma kikalia kwii, akamtazama Mama Sponji machoni na kuanza kusema. Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililomshangaza kwanza. Ile sauti iliyokuwa ikijaza jikoni kwake, ilikuwa ndogo tu humu ndani, ya mtu anayekueleza jambo mkiwa mmekaa benchi moja. Alitaja mitaa ambayo maji yangekatika. Alitaja mzee mmoja aliyepotea tangu juzi, amevaa koti la kijivu, akiitwa kwa upole anaitika. Kisha akanyamaza kidogo, na kimya chenyewe kilikuwa sehemu ya maneno.

"Na wewe uliye peke yako jikoni saa hizi," alisema, "umehudumia wote na chai yako imepoa. Ipashe moto. Usiinywe hivyohivyo. Nakusubiri."

Na kweli akasubiri. Mama Sponji alifikiria vikombe vyote vya chai baridi alivyokunywa wima katika maisha yake, na jinsi mtu huyu asivyojua hata kimoja, na bado alikuwa amekitaja. Alistaajabu. Kidole cha mguu alikuwa amekisahau, na mdomo ulikuwa wazi bila yeye kukumbuka kuufunga.

Taa ikazimika. Jogoo akavua visikizio.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa kukukalisha bila kukuuliza. Kwa kawaida hicho hakikaliwi na mtu."

"Marahaba. Kazi yake nini basi?"

"Nakizungumzia. Ukisema na watu elfu, hakuna anayekusikia. Nasema na mmoja, aliyekaa hapo." Akacheka. "Leo kwa mara ya kwanza alikuwepo."

* * *

Kiti kibovu alikifungulia kwenye ukumbi mdogo nyuma ya studio, kimelala kifudifudi juu ya magazeti. Kabla ya kushika koleo alitoa kopo lake lenye mfuniko. Hiyo ilikuwa sheria ya banda lake. Kinachokutwa ndani ya kochi ni cha mwenye kochi: hakihesabiwi, hakisomwi, kinatiwa koponi na kufunikwa, na mwenyewe anakabidhiwa mkononi. Alishakuta hereni, barua za mapenzi, na mara moja meno ya bandia ambayo familia nzima ilikana kuyajua. Kwa sababu ya kopo hilo watu walimwachia funguo za nyumba zao na kwenda safari.

Aliponyofoa kitambaa cha nyuma akaiona springi, imechomoka kwenye mkanda kama alivyojua. Ila haikuwa peke yake. Ilikuwa imezungushiwa karatasi nyingi, zimekunjwa ndogondogo na kusokomezwa kwenye tundu moja baada ya nyingine ili chuma kisimchome mtu mgongoni. Za ndani kabisa zilikuwa zimelainika kwa kukaliwa. Alianza kuzitoa na kuzitia koponi. Moja ikajikunjua, ikalala wazi juu ya gazeti.

Ilikuwa karatasi ya mshahara.

Mama Sponji aliitazama bila kuigusa. Mwezi mzima mumewe alikuwa amehangaika kuuliza watu wa redio wanalipwa kiasi gani, na kila aliyeulizwa alitabasamu na kuuliza habari za watoto. Mtu atakuonyesha kidonda chake kabla hajakuonyesha mshahara wake. Sasa kochi lenyewe lilikuwa limefunguka mbele yake, na kesho saa sita ilikuwa inakuja. Alitazama mwisho wa ukumbi. Hapakuwa na mtu. Akavaa miwani.

Alisoma ile moja, akasoma ya pili, kisha akamwaga kopo zima akazipanga kwa miaka. Miaka kumi na moja ilikuwa pale sakafuni. Mwezi wa kwanza mtu huyu alilipwa makochi matatu. Katika mwaka wa tatu kulikuwa na karatasi saba zenye sifuri. Mwezi uliopita alikuwa amelipwa makochi sita kasoro robo. Mama Sponji alirudia, akidhani amekosea kuhesabu. Yeye mwenyewe, mwezi ukiwa mzuri, alifanya saba.

Na chini ya kila karatasi, katika mstari wa mwisho, palikuwa na salio la mkopo wa chuo. Lilianzia makochi themanini. Baada ya ile miezi ya sifuri na faini zake lilikuwa limepanda, themanini na nane. Kisha lilianza kushuka, taratibu mno, hadi mwezi uliopita: kumi na tisa. Miaka kumi na moja, na bado kumi na tisa.

Aibu ilimchoma masikio. Lakini juu ya aibu palikuwa na kitu kingine, kikubwa kuliko aibu, na ndicho kilichomfanya akae chini sakafuni kabisa. Mtu huyu anayelipwa chini yake, aliyeegemea deni lake mwenyewe kila asubuhi, alikuwa akipata wapi moyo wa kuuliza kama chai ya mtu imepoa?

* * *

Jogoo alikuja na vikombe viwili. Mama Sponji alikuwa amesharudisha karatasi koponi na kufunika. Angeweza kunyamaza. Kopo lilikuwa limefunikwa kama makopo yote.

"Hizi zilikuwa ndani," alisema. "Nimezisoma."

Jogoo alipokea kopo. "Ngapi?"

"Zote. Tangu nianze kazi hii sijawahi kusoma karatasi ya mteja. Leo nimesoma. Nina binti anataka kusomea kazi yako, na kesho natakiwa kumwekea sahihi, na dhamana ni cherehani zangu. Sijitetei. Nakueleza tu."

Mtangazaji alikaa kwenye ngazi. Uso wake ulikuwa umebadilika kama wa mtu aliyekutwa anaoga.

"Na ile miezi ya sifuri umeiona?"

"Nimeiona."

"Hiyo walituambia tunajenga kituo." Alikunywa chai. "Mwaka jana nilikwenda benki kuomba mkopo wa pikipiki. Yule dada wa dirishani akanitambua kwa sauti. Akampigia mama yake simu nimwambie habari za asubuhi. Nikamwambia. Mama wa watu akalia kwa furaha. Tulipomaliza yule dada akaniambia pole kaka, hukufuzu."

Mama Sponji alitaka kucheka na kulia, akanywa chai.

"Kwa hiyo nimwambie asiende?"

"Sikusema hivyo."

"Aende?"

"Na hilo sikulisema, mama. Mimi nikwambie nini? Wewe ndiye uliyekaa kwenye kile kiti." Alifungua kopo, akatoa karatasi moja iliyolainika, akaikunjua juu ya goti. "Nitakwambia kitu kimoja tu, maana hiki hesabu yake ninayo. Ada ningekuwa nimeimaliza zamani. Kilichonimaliza mimi ni ile hela ya kujikimu. Wanakupa mkononi, una miaka ishirini, unajiona bosi. Nilinunua viatu. Nilinunua viatu vizuri sana, mama, vya ngozi, mpaka leo navilipa. Siku nilipoajiriwa hapa wakanisimamisha mlangoni, wakaniambia vua."

Wakatazama miguu yao, vidole viwili nje, na hapo wakacheka wote wawili mpaka msichana wa mitambo akatoa kichwa kuwanyamazisha.

"Ukimaliza kushona," alisema Jogoo akisimama, "zirudishe humo humo. Mgongo umezizoea."

"Mimi sishoni karatasi, baba. Nitakuwekea sponji nzito na mkanda mpya. Deni lako litafutie faili kama watu wengine."

Saa sita kiti kilikuwa kimesimama. Mhasibu wa kituo alimweleza kwamba malipo ni baada ya siku thelathini, na Mama Sponji akatoka kwa mlango wa nyuma.

* * *

Jioni mumewe hakungoja hata avue kilemba.

"Umelifungua?"

"Nimelifungua." Mama Sponji alikaa. "Mtangazaji wa miaka kumi na moja, mwenye jina, anapata makochi sita kasoro robo. Mimi namzidi."

"Nani kakwambia?"

"Kochi. Usiniulize la nani."

Mumewe alichukua kalamu, akaandika, akaitazama namba. Alikuwa ameshinda, na alikuwa ameshinda kwa mbali kuliko alivyotegemea, lakini uso wake haukuwa na ushindi. Jicho lake lilikwenda kwenye redio iliyokuwa juu ya kabati.

"Sita kasoro robo," alisema polepole. "Na anaamka saa tisa usiku."

Mama Sponji akawaeleza habari za viatu. Hakutaja jina, na wao hawakuuliza. Binti alisikiliza akiwa ameinama, kisha akanyoosha mkono.

"Baba, nipe rula."

Fomu ilikuwa na visanduku viwili, kimoja cha ada na kimoja cha kujikimu. Binti aliweka rula juu ya kile cha pili, akavuta mstari mmoja mnyoofu, akatia sahihi ndogo pembeni kama fomu ilivyoelekeza.

"Ada peke yake ni makochi mangapi?"

"Hamsini na tano," alisema baba.

"Nitaishi hapa. Jumamosi na Jumapili nitashona na mama."

"Na nauli?"

"Nitashona na jioni za Ijumaa."

Baba aligawanya. "Bado ni miaka saba na nusu na ushei," alisema, lakini alilisema kwa sauti ya chini, na karatasi hakumwonyesha mtu. Wote wawili wakamtazama Mama Sponji. Yeye alisema amechoka, kesho.

* * *

Ijumaa, saa kumi na mbili kamili, redio ilikaa kimya. Kwii haikuja. Palikuwa na pumzi moja safi, tupu, halafu Jogoo akasema, "Habari ya asubuhi." Mama Sponji alikuwa ameshika birika. Alisimama nalo hivyohivyo. Pumzi ile tupu ilikuwa kazi ya mikono yake, na ilikuwa imeingia katika kila nyumba ya mji.

"Leo hakijalia," alisema mumewe. Katika nyumba ile hakuna aliyeruhusiwa kugusa redio mpaka kipindi kiishe, hata mgeni, hata mgonjwa. Hiyo ndiyo sheria pekee mumewe aliyoiweka.

Mama Sponji aliweka birika chini, akavuta kiti, akakaa akimtazama binti yake uso kwa uso.

"Nisomee."

"Nini, mama?"

"Fomu. Yote, hata yale maandishi madogo ya chini. Sitii sahihi kitu ambacho sijakisikia."

Binti alianza kwa haraka, kama mtu anayetaka kumaliza. Mama yake akatikisa kichwa. Akaanza upya. Mtaani mtu alikuwa anagonga bati, na kwa jirani mtoto alikuwa analia, lakini Mama Sponji alifanya kama alivyofanyiwa na zile kuta jana: kimoja kimoja aliviondoa, mpaka ikabaki sauti moja. Miaka kumi na tisa ameisikia ikiomba, ikiitika, ikibishana, na hakuwahi kuisikiliza. Ilikuwa ya chini. Haikuwa na haraka. Mwisho wa kila mstari binti aliinua macho, akamtazama, akahakikisha amefika, ndipo akaendelea.

"Mimi mdhamini nakubali kwamba mwombaji akishindwa kulipa, mali zangu zilizotajwa hapa, yaani cherehani mbili, meza ya kukatia, na vifaa vyote vya kazi..."

Mkono wa baba ulipanda kwenye kabati. Jogoo alikuwa katikati ya sentensi. Baba alipunguza sauti, ikawa ndogo, kisha akaizima kabisa.

"Rudia hapo kwenye cherehani," alisema. "Sikusikia vizuri."

Alikuwa amesikia. Binti akarudia tangu mwanzo wa mstari, na Mama Sponji akaanza kutafuta kalamu.